Moïse Katumbi: mtoto wa nani, na amefanya nini?

Kampeni ya kumchagua Rais wa Jamhuri ilifunguliwa tarehe 19 mwezi wa kumi na moja 2023, na kura yenyewe ilikuwa tarehe 20 Desemba 2023. Kati ya kandida wote waliotaka kiti kile, mmoja ndiye aliyeleta mabishano makali zaidi hapa Kolwezi, ikiwa ni ku Manika ao ku Dilala. Ni Moïse Katumbi Chapwe, ambaye wafuasi wake wanamwita Chairman. Watu wanabishana juu yake sababu hapa si mgeni. Aliongoza Katanga yote miaka minane, wakati Kolwezi ilikuwa bado inaamriwa na Lubumbashi.

Tuseme wazi kabla ya kuendelea: redio ya jamii haimpigii mtu kampeni. Tunaandika historia ya kandida ili msikilizaji apate kuijua.

Juu ya Katumbi, watu wanauliza maulizo mawili. La kwanza: ni mtoto wa nani? La pili: amefanya nini? Ukikaa ndani ya basi ya Lubumbashi ao ukipita sokoni, utasikia lile la kwanza mara kumi kabla ya kusikia la pili. Kwa maoni yetu, la pili ndilo lingepaswa kuchukua wakati mwingi. Lakini la kwanza hatuwezi kuliruka. Kwetu Katanga ulizo hilo lilishafukuza watu manyumbani mwao, na wengine lilishawaua.

Basi tuanze na familia. Katumbi alizaliwa tarehe 28 Desemba 1964, akakulia Kashobwe, teritware ya Kasenga, kando ya mto Luapula, karibu na ziwa Mweru. Ng'ambo ni Zambia. Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rodos. Kisiwa hicho leo ni cha Ugiriki, lakini kuanzia 1912 mpaka mwisho wa vita vya pili kilikuwa mikononi mwa Italia. Wayahudi wengi wa Rodos walikuja Katanga wakati wa wakoloni, kwanza kutafuta biashara. Kisha mwaka 1938 Mussolini alitoa sheria za kubagua Wayahudi, na walio nje hawakuwa tena na hamu ya kurudi. Waliobaki kisiwani, Wajerumani waliwapeleka Auschwitz mwaka 1944, na wachache sana walirudi. Tunaeleza hayo sababu kuna wanaosema "baba yake mzungu" kana kwamba alikuja hapa na jeshi la Leopold.

Upande wa mama, familia inahesabiwa ndani ya ukoo wa Kazembe. Na wakina Kazembe walitoka wapi? Walitoka Musumba, kwa Mwant Yav, wakaenda mashariki mpaka Luapula ndani ya karne ya 18. Musumba iko teritware ya Kapanga, yaani ndani ya jimbo letu la Lualaba. Kwa hiyo ukifuata damu ya mama mpaka mwisho wake, unarudi huku kwetu.

Kuna kitu kingine ambacho hakisemwi sana ku mikutano. Kuhesabu mtoto si sawa kwa makabila yote. Kwa Watshokwe na Wandembo wa upande wa Dilolo na Mutshatsha, ukoo unapita kwa mama. Kwa Wabemba wa Luapula pia ni hivyo: mjomba ndiye mwenye neno, na mtoto ni wa kwao mama yake. Kwa Waluba, ni baba. Sasa mtu anaposema mtoto ni wa baba tu, ao kwamba lazima wazazi wote wawili wawe Wakongomani ndipo mtoto ahesabike kuwa mwenyeji kamili, anasema kwa desturi gani? Si ile ambayo nusu ya wakubwa wetu wa vijiji wanajua.

Maneno hayo ya wazazi wawili yana mwenyewe. Noël Tshiani, ambaye naye alikuwa kandida mwaka 2023, ndiye aliyeleta wazo kwamba urais na vyeo vingine vikubwa viwe vya wale tu wenye baba na mama Wakongomani. Mbunge Nsingi Pululu aliweka pendekezo lake ku Bunge la taifa mwaka 2021. Jina la Katumbi halikuandikwa mle, lakini kila mtu alijua kanzu hiyo imeshonwa kwa kipimo cha nani. Halikupita kuwa sheria. Alipofungua faili yake ya ukandida mwaka 2023, Tshiani alimfikisha mbele ya Korti ya Katiba ili jina lake litolewe. Mwisho wa mwezi wa kumi Korti ilikataa, jina likabaki.

Hapo wengi wanachanganya mambo mawili ambayo si moja. La baba ni jambo la damu, na katiba yetu haizuii mtoto wa baba mgeni na mama Mkongomani kuwa rais, ilimradi ni Mkongomani wa asili. La pili ni jambo la karatasi. Mwaka 2018 gazeti Jeune Afrique liliandika kwamba Katumbi aliandikishwa kuwa raia wa Italia, ku komine ndogo ya San Vito dei Normanni, tangu mwaka 2000 mpaka 2017. Kifungo cha 10 cha katiba kinasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangwi na mwingine. Miaka hiyo inagusa muda wote aliokuwa gavana. Hilo ni ulizo la haki, na mtu anaweza kumuuliza bila kumtukana mama yake wala baba yake. Wanasheria watakuambia tena kwamba wabunge na mawaziri wengi wako na paspoti mbili mfukoni, na sheria huwa inaamka siku mmoja wao anapokuwa hatari kwa wakubwa. Ni kweli. Lakini kosa la wengi halifanyi jibu la mmoja lisiwe na maana.

Kwa nini tunasema ulizo la "mtoto wa nani" ni la hatari? Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1957 Wabelgiji walifanya uchaguzi wa kwanza wa komine ndani ya miji. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, viti vya bugumestre wa Kiafrika viliangukia watu waliotoka nje ya Katanga, wengi wao wa Kasai. Mwaka uliofuata, 1958, Conakat ikazaliwa kutetea wenyeji. Mkubwa wake akawa Moïse Tshombe, mzaliwa wa Musumba, mtoto wa mfanyabiashara tajiri, tena mkwe wa Mwant Yav. Familia yake ilimpa mlango, na yeye alijua kuutumia. Mengine yote mnajua: Katanga ilijitenga tarehe 11 mwezi wa saba 1960, na mwezi wa kwanza 1963, ni hapa Kolwezi, ngome yake ya mwisho, ndipo alikubali kwamba mambo yameisha.

Miaka thelathini kisha, maneno yale yale yalirudi na mdomo mpya. Nguza Karl-i-Bond, naye wa Musumba na wa ukoo wa Tshombe, na Kyungu wa Kumwanza, gavana wa wakati ule, walikuwa wakubwa wa chama Uferi. Tarehe 15 mwezi wa nane 1992, Konferansi ya kitaifa ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Nguza aliondolewa. Kuanzia hapo watu wa Kasai walianza kufukuzwa Likasi, na mwezi wa tatu 1993 ikafika Kolwezi. Waliitwa bilulu, wadudu. Watu waliozaliwa hapa, waliosomea hapa, ambao baba zao waliletwa na Union Minière kwa mkataba, walilala ku gare majuma na majuma wakingojea treni, na watoto walikufa pale kwa kuhara na njaa. Gécamines, ambayo ilikuwa imeshaanguka tangu kubomoka kwa mugodi wa Kamoto mwaka 1990, ilipoteza wafanyakazi wake wa ujuzi kwa mara moja. Mji mzima ulilipa, hata wale waliochukua nyumba za wenzao.

Wakubwa wale hawakubaki adui wa milele. Kyungu mwenyewe alisimama nyuma ya Katumbi mwaka 2016, na siku zake za mwisho alikuwa rafiki wa serikali ya mtoto wa Tshisekedi yule yule. Alikufa mwezi wa nane 2021. Wanapolitike walipatana. Nyumba hazikurudishwa. Na leo, kila lori linaposhusha vijana wa Kasai wanaokuja kutafuta kazi ku migodi, maneno yale yanaanza tena chini chini. Basi Mkatanga anayekasirika sababu Katumbi anaambiwa si mtoto wa nchi, ajiulize kama yeye hajamwambia jirani yake vile vile.

Sasa tuje kwa ulizo la pili, amefanya nini.

Alianza na samaki. Samaki ya Luapula na Mweru ndiyo iliyolisha kambi za wafanyakazi wa migodi tangu wakati wa Union Minière, na Wagiriki na Wayahudi wa Rodos walikuwa kati ya wenye biashara hiyo. Kijana Katumbi aliingia kazi ya nyumbani, akauzia Gécamines. Ndiyo kusema familia yake na shaba vilishikana zamani, kwa njia ya posho. Kaka yake wa baba mmoja, Raphaël Katebe Katoto, alitangulia kuwa tajiri na kuingia politike. Mwaka 1997 Katumbi alianzisha MCK, kampuni ya kukodisha mashine na kuchimba kwa mikataba ya makampuni makubwa. Mwaka ule ule alichukua uongozi wa TP Mazembe.

Juu ya Mazembe hatuna haja ya kueleza sana, hata mtoto wa shule anajua: kombe la mabingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, na ile fainali ya dunia Desemba 2010 ku Abu Dhabi ambako Inter Milan ilitupiga tatu kwa sifuri. Hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imefika pale mbele yake. Akademi ya watoto ipo, uwanja wa Kamalondo upo. Ni kazi ya kweli kwa jamii. Lakini tusisahau kwamba timu ni kipaza sauti pia: mtu ambaye jina lake linaimbwa kila Jumapili hahitaji kununua matangazo ya kampeni. Wanapolitike wengine walielewa hiyo, na ndiyo maana leo karibu kila gavana anataka timu yake.

Ugavana wake ulianza mwaka 2007, akichaguliwa na wabunge wa jimbo, chini ya chama PPRD cha Joseph Kabila. Jambo kubwa alilofanya lilikuwa kusimamisha malori yaliyobeba udongo wa madini kwenda Zambia bila kusafishwa. Alisema wenye migodi wajenge viwanda hapa, kazi ibaki hapa. Wengine walijenga. Aliwaambia tena makampuni walime mahindi, sababu Katanga ilikuwa inakula unga wa Zambia. Barabara zilitengenezwa, kodi za jimbo zikapanda. Watu wanaomkumbuka vizuri wanakumbuka hayo, na hawasemi uongo.

Upande mwingine wa ile karatasi unasema hivi. Kukataza kulikuwa na mlango wa nyuma: udongo uliosafishwa nusu uliendelea kutoka, na jimbo likachukua ushuru juu yake kwa tani. Pesa ile ikawa tamu, na mtu hafungi haraka bomba anakokunywa. Tena kiwanda bila umeme ni mabati tu. Serikali ya Kinshasa nayo ilipotaka kukataza mwaka 2013, ilisogeza tarehe mara nyingi sababu umeme haukutosha. Sisi wakaaji wa Kolwezi tunajua wimbo huo: Nzilo na Nseke ziko hapa karibu, ku mto wetu, na usiku mitaa mingi iko giza.

Kisha kuna MCK. Kampuni ilibaki mikononi mwa familia mpaka ilipouzwa kwa Necotrans ya Ufaransa mwaka 2015. Yaani kwa miaka minane, mtu aliyekuwa na mamlaka juu ya jimbo la migodi alikuwa na familia inayokula kwa migodi hiyo. Hatusemi aliiba. Tunasema ni ulizo ambalo angefaa kulijibu kwa hesabu, na sio kwa kusema kwamba alikuwa tajiri kabla ya politike. Mfanyakazi wa Gécamines aliyefunguliwa mlango bila mshahara wake wa mwisho ana haki ya kuliuliza.

Na tusimpe lawama ambayo si yake. Mkataba wa Wachina, ambao ulizaa Sicomines hapa hapa Kolwezi, na asilimia 68 kwa Wachina na 32 kwa Gécamines, ulitiwa saini Kinshasa mwaka 2008. Mikataba mikubwa ya migodi haipiti kwa gavana. Chini ya sheria ya migodi ya 2002 jimbo lilikuwa na haki ya asilimia 25 ya mrabaha na mji ao teritware asilimia 15, lakini pesa ilipita kwanza Kinshasa na ilirudi ikiwa imekonda. Ni sheria ya 2018 ndiyo iliyofanya zilipwe moja kwa moja huku. Kwa hiyo gavana wa Lualaba wa leo ana pesa ya madini ambayo Katumbi hakuwahi kuishika kwa njia hiyo, na tutakapopima magavana tupime na hiyo pia.

Mwaka 2015 ndio mwaka ambao Kolwezi na Katumbi hawaoni kitu kimoja. Katanga ilikatwa vipande vinne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Katiba ya 2006 ilikuwa imeliandika hilo, lakini wengi waliona haraka ile ililenga kumpunguza nguvu gavana ambaye alikuwa amesema wazi, Desemba 2014, kwa mfano wa mpira, kwamba watu hawatakubali penalti ya tatu ya uongo, yaani muhula wa tatu wa Kabila. Tarehe 29 mwezi wa tisa 2015 aliacha PPRD na ugavana. Kwa Lubumbashi kukatwa kulikuwa kilio. Kwa Kolwezi kulituletea makao ya jimbo, bunge letu, na magavana wetu, Richard Muyej kwanza, kisha Fifi Masuka baada ya wabunge kumwondoa Muyej mwaka 2021. Tuliona barabara zikitandikwa ndani ya mji. Tuliona tena Kasulo, ambako watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao, ikizungushwa ukuta mwaka 2017, na wachimbaji zaidi ya arobaini wakifunikwa na udongo ndani ya mugodi wa KCC mwezi wa sita 2019. Kuwa na gavana karibu hakukuzuia hayo.

Safari yake kisha ya hapo tutaipita haraka. Alihukumiwa miezi 36 mwaka 2016 kwa kesi ya nyumba, jaji akasema alilazimishwa, maaskofu wakaita kesi ile mchezo, na mwaka 2019 hukumu ikafutwa. Mwezi wa nane 2018 alifika mpaka Kasumbalesa, hakuachwa aingie. Alirudi tarehe 20 mwezi wa tano 2019, akaanzisha chama Ensemble pour la République. Watu wake waliingia Union sacrée ya Rais Félix Tshisekedi na kupata mawaziri, akatoka mwezi wa kumi na mbili 2022. Miaka karibu miwili ndani ya serikali ile nayo ni sehemu ya aliyofanya. Mwezi wa saba 2023 msemaji wake Chérubin Okende, aliyekuwa waziri wa usafirishaji, alikutwa maiti ndani ya gari Kinshasa. Wakati wa kampeni, Matata Ponyo, Seth Kikuni na Franck Diongo waliacha ukandida wao na kumuunga mkono.

Alipopita akiomba kura za Lualaba, kulikuwa na mambo ambayo mkaaji wa hapa angeweza kumdai bila kugusa kaburi la baba yake. Kifungo cha 175 cha katiba kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki ku majimbo palepale inapokusanywa. Kabila hakufanya, Tshisekedi hajafanya, na Katumbi akiwa gavana alikuwa kati ya walionyimwa. Angekuwa rais angeikata? Wachimbaji wa mikono wa Kapata, Kasulo na Musonoi wangepewa eneo gani lenye madini kweli, na sio kilima ambacho makampuni yalishakataa? Na Kolwezi ingebaki makao ya jimbo, ao ndoto ya Katanga moja ilikuwa inalala bado kichwani mwa watu wake? Maulizo hayo hayo yalifaa kupelekwa kwa Tshisekedi, kwa Fayulu, kwa wote waliopita.

Siku ya tarehe 20 Desemba 2023, mkaaji wa Kolwezi alikuwa na kura nne za kupiga: rais, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo, na mshauri wa komine. Gavana hakuwamo. Gavana huchaguliwa kisha na wale wabunge wa jimbo, ndani ya chumba kimoja, kama walivyomchagua Katumbi mwaka 2007. Wengi waliobishana juu ya baba ya kandida wa urais hawakujua hata jina la kandida wao ku bunge la jimbo.